"Je, Wajua?" za kwenye simu: tuulize sanad kabla ya kurusha

Katika grupu letu la WhatsApp la watu tuliosoma pamoja shule ya msingi kuna desturi ambayo sasa imekuwa kama kahawa ya asubuhi. Watu wakishaswali alfajiri, kabla jua halijachomoza, mmoja wetu huanza: "Je, wajua?" Kisha huteremsha ajabu ya siku hiyo. Je, wajua kwamba pweza, huyu huyu tunayemtia nazi, ana mioyo mitatu? Je, wajua kwamba siku moja ya sayari ya Zuhura ni ndefu kuliko mwaka wake mzima? Hapo mmoja ataandika "Subhanallah", mwengine atatuma vikatuni vya kucheka, wa tatu atauliza ule moyo wa tatu wa pweza ni wa mke wa pili au vipi. Siku imeanza kwa furaha.

Sitajificha, mimi ni mmoja wa vinara wa mchezo huu. Nikipata bando, kitu cha kwanza ni kutafuta ajabu ya kuwapelekea wenzangu. Na bado sioni ubaya wake. Wazee wetu walikaa barazani kwa kahawa chungu na kashata wakafanya hayo hayo: vitendawili, visa vya mabaharia, habari za miji ya mbali. Mtu alirudi nyumbani na jambo moja jipya kichwani, na hiyo ndiyo ladha ya baraza.

Lakini mwaka jana nilifunzwa adabu. Na kwa kuwa nimewarushia wengi bila kuuliza, naona ni haki niwasimulie wengi pia.

Dafu la mjomba

Ilikuwa wakati wa joto la kaskazi. Nikaletewa meseji yenye picha nzuri ya dafu lililokatwa juu, na maneno yake yalikuwa hivi, kwa ufupi: je, wajua kwamba maji ya dafu ni sawasawa na maji ya damu ya binadamu? Wakati wa vita madaktari waliwatia askari mishipani. Kunywa madafu mawili kila siku, yatakusafisha damu na figo.

Ndugu msomaji, mtu wa Pwani akisikia dafu linasifiwa hujisikia kama amesifiwa yeye. Sikusoma mara mbili. Nikairusha kwa grupu la shule, kisha kwa grupu la ukoo, na juu yake nikaongeza maneno yangu: "Mali yetu hii, watu wa Pwani."

Ndani ya grupu la ukoo yumo mjomba wangu, kaka yake mama. Zamani alikuwa nahodha wa jahazi, na leo ni mtu mzima ambaye figo zake zimechoka. Anaoshwa damu kwa mashine mara mbili kila juma. Mkaza mjomba alipoisoma ile meseji hakuona kitu chengine isipokuwa maneno mawili: "kusafisha figo". Tangu siku hiyo mjomba akawa anapata madafu mawili kila siku, moja asubuhi na moja baada ya laasiri, kutoka kwa mkokoteni wa jirani. Hakuna aliyefikiria kumuuliza daktari. Dafu si dawa ya dukani. Dafu tumezaliwa nalo.

Juma la pili mjomba alianza kulegea miguu, na akasema moyo wake unaruka ovyo. Tulimkimbiza hospitali. Damu ilipopimwa ikaonekana potasiamu imepanda kupita kiasi. Daktari alituambia kwa upole kwamba tungechelewa zaidi moyo ungeweza kusimama. Kisha akauliza mzee amekuwa akila nini na kunywa nini. Mkaza mjomba akataja madafu. Daktari akauliza nani aliyewashauri. Mama wa watu akatoa simu kwenye mkoba na kumwonyesha. Juu ya meseji kulikuwa na jina langu, nami nimeketi hapo hapo kwenye benchi.

Alhamdulillah, mjomba alitibiwa na akarudi nyumbani. Hakunilaumu. Aliniambia tu, "Hukukusudia, mwanangu." Lau angenigombeza ningelala vizuri zaidi usiku ule.

Kulikuwa na kweli gani ndani yake?

Baadaye nilikaa nikaifuatilia ile habari. Diploma yangu ni ya mambo ya ugavi na ghala, haina hata ukurasa mmoja wa figo, basi niliuliza wanaojua na nikasoma. Kilichonishangaza ni kwamba meseji ile haikuwa uongo mtupu.

Ni kweli maji ya dafu yamewahi kutiwa mshipani. Mwaka 2000 jarida moja la madaktari wa dharura la Marekani lilichapisha habari ya mgonjwa wa Visiwa vya Solomon aliyetiwa maji ya dafu kwa sababu dripu za kawaida zilikuwa hazipatikani. Ilikuwa njia ya dharura ya muda mfupi katika mahali pasipo na vifaa. Hiyo ndiyo nusu ya kweli.

Nusu ya uongo ni hilo neno "sawasawa". Maji ya damu yetu yana sodiamu nyingi na potasiamu kidogo. Maji ya dafu ni kinyume chake, potasiamu nyingi na sodiamu kidogo. Mtu mzima wa afya akinywa dafu hana neno, kwa sababu figo zake huitoa potasiamu iliyozidi kwa njia ya mkojo. Mtu ambaye figo zake hazifanyi kazi hana pa kuitolea. Hukusanyika ndani ya damu na kuvuruga mapigo ya moyo. Kwa hiyo kile kinywaji kinachomburudisha mvuvi aliyetoka baharini ndicho kinachoweza kumuua mgonjwa wa figo, na mgonjwa wa figo ndiye hasa aliyeitwa na ile meseji.

Hapo nikaelewa kwamba ajabu ikikatwa kipande huwa si ajabu tena, ni kitu chengine kabisa. Na mkataji hajulikani ni nani.

Sisi ni watu wa sanad

Jambo la kuona haya ni kwamba sisi Waislamu tungekuwa watu wa mwisho kudanganywa namna hii. Tumelelewa chuoni tukijua kwamba habari haipokelewi hivi hivi. Maimamu wetu wa hadithi walisafiri miji na miji kuuliza: umeipokea kwa nani, naye aliipokea kwa nani, na huyo alikuwa mtu wa namna gani? Mnyororo ukikatika mahali pamoja, habari hupunguzwa daraja. Katika Surat Hujurat tumeamrishwa kuihakikisha habari anayoileta mtu asiyeaminika, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta. Na Mtume (S.A.W.) ametutahadharisha juu ya mtu anayesimulia kila analosikia, kwamba hilo peke yake latosha kumtia katika uongo.

Sasa tazama meseji ya "Je, wajua?" inapoingia. Sanad yake ni ipi? Mimi nimeipata kwa rafiki yangu wa Likoni. Yeye ameipata kwa shemeji yake aliyeko Muscat. Shemeji ameipata kwa grupu la wafanyakazi wenzake. Mbele ya hapo ni giza.

WhatsApp yenyewe inajaribu kutuonya. Mshale mmoja juu ya meseji maana yake imerushwa kutoka mahali pengine. Mishale miwili maana yake imeshapita kwa watu watano au zaidi, mmoja baada ya mwengine, kabla ya kukufikia wewe. Tangu Aprili 2020 meseji yenye mishale miwili huwezi kuirusha isipokuwa kwa mtu mmoja au grupu moja kwa wakati. Wengi wetu huichukulia mishale ile miwili kuwa ushahidi kwamba habari ni ya kweli, kwa kuwa imependwa na watu wengi. Kumbe ni alama ya sanad iliyokatika.

Tangu siku ya mjomba nimeanza kuzirudia "Je, wajua?" nilizokuwa nikizipenda, moja moja. Nimegundua kwamba kasoro zake hazizidi nne tano, na ukizijua unazitambua upesi. Nawapa mifano.

Hesabu isiyo na mhesabuji

Hii nayo ni ya mnazi. "Je, wajua? Nazi zinazoanguka huua watu 150 kila mwaka duniani, zaidi ya papa." Niliirusha hii miaka mitatu mfululizo.

Asili yake ni daktari Peter Barss, aliyefanya kazi hospitali ya Alotau huko Papua New Guinea. Mwaka 1984 alichapisha makala juu ya watu waliojeruhiwa na nazi. Alipitia rekodi za miaka minne za waliolazwa kwa majeraha, akaona asilimia 2.5 yao waliangukiwa na nazi. Ni utafiti wa kweli na wa maana, kwa sababu uliwaonya watu wasijenge nyumba na wasilale chini ya minazi. Mwaka 2001 hata alipewa tuzo ya Ig Nobel, ile tuzo ya tafiti zinazochekesha kwanza kisha zikafikirisha.

Lakini katika makala ile hakuna hesabu ya dunia nzima. Barss alihesabu hospitali moja. Mwaka 2002 kampuni moja ya bima ya usafiri ya Uingereza ikatoa tangazo lenye ile idadi ya 150, magazeti yakaibeba, na tangu hapo imekuwa ikizunguka. Hakuna aliyekwenda kuwahesabu hao watu, Kwale wala Kilifi wala Ufilipino.

Mtu anaweza kuuliza, je, kuna hasara gani? Nazi ikianguka si inaumiza kweli? Ndiyo, na kila mtoto wa Pwani anajua asikae chini ya mnazi wenye makoko. Hasara ni kwamba tukizoea kumeza idadi isiyo na mwenyewe, kesho tutaletewa idadi juu ya kabila fulani, au dini fulani, au chanjo fulani, nayo tutaimeza kwa koo ile ile.

Kweli iliyopewa hitimisho lisilo lake

Hii wengi mtakuwa mmeipokea: "Je, wajua? Waswahili waligundua Australia kabla ya Wazungu." Chini yake kuna picha ya sarafu.

Sarafu ni za kweli. Mwaka 1944, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, askari wa Australia aliyeitwa Maurie Isenberg alikuwa kazini katika Visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yake. Akiwa anavua samaki ufukweni akaokota sarafu mchangani. Alizihifadhi, na mwaka 1979 akazipeleka zichunguzwe. Zilikuwa tisa, na tano kati yake zilikuwa za Kilwa, za enzi za masultani wake. Wallahi hiyo ni ajabu ya kutosha kumfanya mtu aiache kahawa ipoe. Sarafu ya Kilwa, ufukwe wa Australia!

Lakini zile nne nyengine zilikuwa za Kiholanzi, za mwishoni mwa karne ya 17 na za karne ya 18. Hilo kwenye meseji halitajwi. Kama zote zilikuja pamoja, basi aliyezileta alipita huko mamia ya miaka baada ya zile za Kilwa kutengenezwa, na anaweza kuwa mtu wa taifa lolote aliyepita njia za biashara za Bahari Hindi. Anaweza kuwa Mswahili pia. Ajabu hii ni swali lililo wazi, nasi tumeigeuza kuwa jibu kwa kuwa jibu lile linatupendeza. Mtoto akilipeleka darasani na mwalimu akamuonyesha zile za Kiholanzi, atarudi nyumbani akiamini kwamba historia yetu yote ni ya kubuni. Na hapo tutakuwa tumemnyang'anya na ile ya kweli.

Ajabu iliyoondolewa watu wake

"Je, wajua? Vita vifupi kuliko vyote duniani vilipiganwa Zanzibar, dakika 38." Hii huja na vikatuni vya kucheka kila mara. Mimi pia nimecheka.

Vita vile ni vya kweli. Tarehe 25 Agosti 1896 alifariki Sultani Hamad bin Thuwaini. Khalid bin Barghash akaingia kasri na kujitangaza sultani. Waingereza walimtaka Hamoud bin Mohammed, wakampa Khalid muda hadi saa tatu asubuhi ya tarehe 27 awe ameondoka. Muda ulipopita manowari zao zikaanza kupiga kasri. Kwa hesabu za wengi ilichukua baina ya dakika 38 na 45.

Kinachoachwa nje ni kwamba katika dakika hizo watu wapatao 500 wa upande wa Zanzibar waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Mia tano katika muda ambao sisi twangojea feri ya Likoni. Ukijua hilo, kicheko kinakauka chenyewe.

Na kuna mwisho wake ambao sijawahi kuuona katika meseji yoyote, ingawa unatuhusu sisi zaidi. Khalid alikimbilia kwa Wajerumani na kuhamia Dar es Salaam. Waingereza walimkamata mwaka 1916, wakampeleka uhamishoni Ushelisheli na Saint Helena. Mwishowe aliruhusiwa kurudi Afrika Mashariki, na alifariki mwaka 1927 hapa hapa Mombasa. Yaani mtu wa ile dakika 38 alikuja kumalizia umri wake mjini kwetu. Hiyo ndiyo "Je, wajua?" ya kumpelekea mtu.

Uongo unaofurahisha dini

Hii naiandika kwa uangalifu, maana najua itawagusa wengine. Tangu tuko chuoni tumesikia kwamba Neil Armstrong alipofika mwezini mwaka 1969 alisikia sauti, na baadaye alipokwenda Misri akaisikia tena, akaambiwa ni adhana, akasilimu. Tulisimuliwa na watu tunaowaheshimu, kwa nia njema. Leo bado inarushwa, ikiwa na picha.

Haikutokea. Habari hii ilienea mpaka mwezi Machi 1983 Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ikapeleka taarifa kwa balozi zake katika nchi za Waislamu kueleza kwamba Armstrong mwenyewe amesema hakusilimu, na kwamba hakukusudia kumvunjia heshima mtu yeyote wala dini yoyote. Aliishi hadi mwaka 2012 na hakubadilisha kauli. Tena mwezini hakuna hewa, na sauti haisafiri pasipo hewa.

Kuna ndugu aliyeniambia, "Iache tu, inaongeza imani za watu." Nikamuuliza, kijana wetu akiijenga imani yake juu ya kisa hicho kisha siku moja akakisoma ukweli wake, imani itasimama juu ya nini? Uislamu ulifika Mwambao huu karne nyingi kabla ya mtu kufikiria kwenda mwezini. Ibn Battuta alipopita Mombasa karibu mwaka 1331 alikuta watu wa dini na misikiti ya mbao iliyojengwa vizuri. Hatuhitaji Mmarekani atushuhudie kwa jambo asilolifanya.

Sasa tufanyeje?

Sisemi tuache. Grupu bila "Je, wajua?" litabaki na matangazo ya michango na picha za maua zenye "Jumaa Mubarak". Nasema tuirushe kama mtu anayemwandalia mgeni chakula, ambaye hunusa kwanza.

Mimi siku hizi najiuliza maswali machache. La kwanza, nani alisema, wapi, na lini? Habari isiyo na jina, mahali wala mwaka huwa haina mwenyewe. La pili, kama kuna idadi, nani aliyehesabu na alihesabu vipi? La tatu, hitimisho limetoka katika jambo lenyewe au limebandikwa juu yake? La nne, kumeachwa nini nje? Na la tano, ambalo nilijifunza kwa gharama ya mjomba: ndani ya grupu hili nani anaweza kuisoma na kuitenda? Ajabu ya pweza hakuna atakayeitenda. Ajabu ya dawa, chakula cha mgonjwa, mimba au mtoto mchanga kuna mtu ataitenda usiku huo huo. Hizo mimi sizirushi kabisa mpaka nimemuuliza mtu wa afya, na nikikosa wa kumuuliza naziacha zife kwenye simu yangu.

Na ukigundua umekosea, rudi pale pale uliporushia useme. Mimi niliandika kwa magrupu yote mawili kwamba habari ya dafu ilikuwa na kosa, nikaeleza la kweli ni lipi. Niliona haya, nakiri. Lakini siku ile ile dada mmoja wa grupu la shule alinipigia kuniambia mama yake naye anaoshwa damu, na alikuwa ameshaanza madafu. Haya zangu zilikuwa rahisi kuliko hilo.

Tena ajabu za kweli hazitaisha. Zilizo zetu peke yake zatosha mwaka mzima. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walifika China na twiga, na Wachina wakamfananisha na mnyama wao wa hadithi anayeleta baraka. Mwaka 2001, karibu na hiyo hiyo Malindi, meli ya uvuvi ilinasa silakanti, samaki ambaye wataalamu waliamini ametoweka tangu zama za madainosari mpaka alipoonekana Afrika Kusini mwaka 1938. Ule mchezo wa vijiti vya mbao unaochezwa dunia nzima, Jenga, ulipewa jina lake la Kiswahili na Leslie Scott, mama aliyezaliwa na kulelewa Afrika Mashariki, akauingiza sokoni Uingereza mwaka 1983. Hizi zina majina, zina miaka, zina mahali. Mtu akikuuliza sanad, unayo.

Na nyengine haziko intaneti kabisa, ziko kwa wazee tunaowapita barazani huku tumeinamia simu. Mwezi uliopita mjomba, ambaye dafu sasa analitazama kwa mbali tu, alituma ujumbe wa sauti kwenye grupu la ukoo. Alianza kwa "Je, wajua?" kama sisi. Akaeleza jinsi mabaharia walivyohesabu siku za mwaka kuanzia Nairuzi, kumi kumi, kila kumi wakiita mwongo, na jinsi nahodha kwa kujua mwongo tu alivyoweza kusema kama kaskazi ingali na nguvu au kusi yakaribia, na kama ni salama kutoka. Ulikuwa ujumbe wa dakika saba, na watoto wa miaka kumi na tano waliusikiliza wote.

Binamu yangu mmoja, kwa utani, akamwandikia: "Mjomba, sanad iko wapi?"

Akajibu: "Sanad ni mimi. Nilifunzwa na baba yangu tukiwa ndani ya jahazi baina ya Lamu na Mombasa. Kama huamini, njoo nyumbani nikuhesabie."

Basi ndugu zangu, kesho baada ya alfajiri tuendelee na "Je, wajua?" zetu. Lakini kabla kidole hakijagusa kitufe, tuulize kwanza. Na aliye na mzee nyumbani anayejua mambo, amrekodi leo.

Wallahu a'lam. Juma jema.